Siku Moja Maishani Mwangu: Majina Mia Tano Kabla ya Asubuhi

Nikisema nina saiba, yaani duka la intaneti na kuchapa, watu huona feni, kiti cha kuzunguka na mtu anayeshinda Facebook. Karibuni Kilifi mjini mkae kwenye kiti hicho. Miezi mingi kazi yangu ni kodi za KRA, huduma za serikali mtandaoni za eCitizen, barua za vijana wanaotafuta kazi hotelini na ratiba za harusi na matanga. Kila baada ya miaka mitano huja msimu wa wanasiasa, na hapo ndipo hugundua kuwa Wakenya wengi hawajui mtu huwaje mgombea. Wanadhani ni pale anapopanda gari lenye spika. Spika hukodishwa na yeyote. Mgombea ni yule aliyetoka kwa msimamizi wa uchaguzi na cheti chake cha uteuzi mkononi, na kabla ya cheti hicho kuna rundo la makaratasi ambalo lazima mtu alichape.

Wenye nia ya kuwania katika uchaguzi wa 10 Agosti 2027 wameshaanza kupita kuulizia bei. Kwa hiyo nawasimulia siku moja ya mwisho wa Mei 2022, wajue wanachopaswa kuja nacho.

Saa kumi na moja alfajiri. Kuamka, kuswali, kuwaandaa watoto, mahamri na mbaazi, boda hadi mjini.

Saa moja. Nafungua. Kopi za wanafunzi, cheti cha kuzaliwa cha kulaminetiwa, mzee mmoja amesahau nywila ya KRA kama kawaida yake.

Saa mbili na nusu. Anaingia mama anayewania udiwani, yaani kiti cha MCA, kwa tiketi ya chama. Natamani wateja wote wangekuwa yeye. Faili moja, kila karatasi kwenye mfuko wake: cheti cha uteuzi kutoka chamani, kopi ya kitambulisho, picha za pasipoti, hati ya kiapo iliyogongwa muhuri na kamishna wa viapo, fomu ya tamko binafsi ya EACC, ile tume ya kupambana na ufisadi, na fomu ya kukubali kanuni za maadili ya uchaguzi. Hundi ya benki pia anayo, shilingi 2,500. Ada ya MCA ni 5,000, lakini wanawake, vijana na watu wenye ulemavu hulipa nusu. Usiende na noti wala M-Pesa, wanataka hundi ya benki. Alitaka kopi tu na macho ya pili. Nikampa vyote, tukamaliza kabla chai yangu haijapoa.

Saa nne. Sasa ndiye huyu.

Aliingia na wapambe watatu na mpwa wake, kofia ya kampeni kichwani, akasalimia saiba nzima kwa mkono, hata mtoto aliyekuwa akisubiri kopi. Nitamwita Mheshimiwa, maana ndivyo alivyotaka kuitwa ingawa kura zilikuwa bado miezi miwili na zaidi. Wadi yake sitaitaja.

Alikuwa ameangushwa kwenye mchujo wa chama mwezi wa Aprili. Kwa maelezo yake aliibiwa. Sijawahi kumwandikia mtu aliyeshindwa mchujo bila kuibiwa. Akajiuzulu chama, akaamua kuwa mgombea huru, na kesho yake asubuhi, mara tu ofisi ya tume ya uchaguzi, IEBC, ikifunguliwa saa mbili, ndiyo ilikuwa zamu yake ya kupeleka makaratasi.

“Mwanangu, kazi ndogo tu,” akasema, akaweka mezani daftari tano za shule. “Nipigie haraka, nina mkutano saa saba.”

Nilimuuliza kwanza yanayomhusu yeye. Barua ya Msajili wa Vyama kuonyesha si mwanachama wa chama chochote? Anayo. Sheria inataka mgombea huru awe ametoka chamani angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi, na sipendi kukisia, kwa sababu 2021 Wakenya wengi walifungua eCitizen wakajikuta wameandikishwa katika vyama wasivyowahi kuvisikia. Alama yake ya karatasi ya kura? Imeshakubaliwa na tume, ungo. Hundi? Anayo, 5,000 kamili. Nikaanza kumpenda.

Halafu nikafungua daftari.

Kwa wasiojua: mgombea wa chama hubebwa na cheti cha chama chake. Mgombea huru hubebwa na watu. Katiba inasema anayetaka umwakilishi wadi bila chama aungwe mkono na wapiga kura wasiopungua 500 waliosajiliwa ndani ya wadi hiyohiyo. Mbunge ni 1,000. Urais ndio usiseme: 2,000 kutoka kila kaunti, katika zaidi ya nusu ya kaunti zote 47, yaani watu 48,000 ukienda kwa kima cha chini kabisa. Mwaka huo karatasi ya kura ya urais ilikuwa na majina manne, na hakuna hata mmoja aliyekuwa mgombea huru. Mimi niliyewahi kuchapa 500 sishangai.

Orodha inatakiwa na jina, nambari ya kitambulisho na sahihi, na zaidi ya karatasi tume inataka nakala ya Excel. Hapo ndipo kazi yangu inaposhindwa kuwa ndogo. Mwandiko wa watu waliosainishwa wamesimama sokoni, wengine juu ya tangi la pikipiki, unausoma kwa imani. Saba inafanana na moja. Sufuri inafanana na sita. Kitambulisho chetu wakati huo kwa kawaida kilikuwa na tarakimu saba au nane, kwa hiyo nikikuta sita au tisa nilishuku pana kasoro, lakini tarakimu nane zenye moja iliyokosewa hazinipigii kelele. Zinampigia msimamizi wa uchaguzi.

Msaidizi wangu akawa anasoma, mimi nachapa. Daftari mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Ya tatu alisoma jina, akasoma nambari, akanyamaza, akasema, “Dada, hapa pameandikwa gunia la mahindi.”

Nikaichukua. Kulikuwa na safu nne: jina, nambari ya simu, kitu, na sahihi. Mahindi gunia moja. Shilingi 200. Sukari kilo mbili. Shilingi 200. Ilikuwa orodha ya michango ya matanga. Nambari za vitambulisho zilikuwa zimeongezwa pembeni kwa kalamu nyekundu, na sahihi zote 61 zilitoka mkono mmoja, zina mkia uleule wa kupanda juu.

Nikamtazama mpwa. Mpwa akatazama feni.

“Baba,” nikamwambia Mheshimiwa, “hawa siwezi kuwachapa.”

“Kwa nini? Si watu wa wadi? Wote nawajua. Mazishi yale nilitoa hema mimi.”

“Hawakukusainia wewe. Walimsainia marehemu.”

Mpambe mmoja akacheka, akatulizwa kwa jicho. Mpwa akaona afadhali ajitetee kwa kushambulia: saiba nyingine hawaulizi maswali, wanachapa tu, tena na sahihi wanakusaidia kuweka. Nikamwambia saiba hiyo anaijua njia yake, milango iko wazi. Kusema kweli moyo ulinienda mbio, kwa sababu hiyo ilikuwa pesa nzuri na kodi ya duka ilikuwa inakaribia. Lakini mimi nakaa mjini hapa, na mwenye jina akija kesho kuuliza nani alimwandikisha, hamwendei Mheshimiwa, anakuja kwangu.

Tukaendelea. Excel haina heshima kwa mtu: ukiiambia ionyeshe nambari zilizojirudia, inazipaka rangi zote. Watu 23 walikuwa wamesaini kwenye daftari mbili, wengine kwa majina tofauti kidogo, mmoja kwa jina la utotoni. Kumi na saba nambari zao hazikukamilika au hazikusomeka. Halafu ikaja ya wadi. Mpaka wa wadi haupiti njiani na bango. Soko ni moja, msikiti ni mmoja, lakini wa upande huu wa barabara anapiga kura kwetu na wa upande ule kwa jirani. Tuliowatilia shaka wapambe waliwapigia simu, kisha tukatuma nambari ya kitambulisho na mwaka wa kuzaliwa kwa 70000 kujua kama wamesajiliwa na wapi. Watu 28 walikuwa wa wadi jirani. Walimpenda Mheshimiwa kwa dhati, ila hawakuwa na faida kwake.

Daftari zilikuja na majina 547. Zikabaki na 418.

Nikamwonyesha kwenye skrini. Alivua kofia kwa mara ya kwanza. Akauliza kama 418 haiwezi kukubaliwa ukizingatia umri wake. Nikamjibu kuwa katiba haikuweka kifungu cha wazee. Akasema mwaka ule alikuwa na watu 3,000 kwenye mkutano, picha zipo Facebook, kwa nini IEBC wasitazame picha? Swali hilo amenirudia nalo si chini ya mara nne siku ile, kila mara kwa sauti tofauti, na kila mara jibu langu lilikuwa lilelile: mkutanoni hakuna nambari ya kitambulisho.

Saa nane. Stima ikapotea.

Wale mnaosema kazi yetu ni ya kukaa, kaeni nasi siku ya joto la Kilifi bila feni, mkiwa na watu wazima saba katika chumba kimoja, na betri ya laptopu inayosoma asilimia 30. Nilipunguza mwanga wa skrini nikaokoa faili kwenye flashi, nikarudia kuiokoa kwenye nyingine. Mheshimiwa aliyekuwa na mkutano saa saba hakwenda mkutanoni. Nitampa haki yake hapo. Alitoka nje, akasimama juani na simu mbili, akaanza kupigia watu mmoja mmoja kwa majina yao. Hakumtuma mpwa.

Baada ya hapo saa zilichanganyika. Stima ilirudi wakati fulani baada ya alasiri. Nilikula muhogo wa kukaanga nikiwa nimesimama. Wateja wangu wa kawaida waliona foleni, wakaenda kwingine, na najua wawili hawajarudi mpaka leo.

Magharibi ikaingia, tuktuk zikaanza kufika. Vijana wa boda kwanza, kisha wauza samaki, kisha familia nzima imejaa tuktuk moja. Niliweka meza mlangoni. Kitambulisho mkononi, msaidizi anasoma nambari, mimi nachapa, mtu anaangalia jina lake kwenye skrini, halafu anasaini. Kazi ile ya asubuhi ya kubahatisha mwandiko sasa ilikwenda haraka, kwa sababu mwenye jina alikuwa amesimama mbele yangu. Wengine waliuliza soda iko wapi. Mmoja alitaka kujua kama akisaini ni lazima ampigie kura; nikamwambia hapana, kura ni siri yake, hapa anasema tu kwamba huyu anastahili kusimama. Akafikiri, akasaini. Bibi mmoja alifungua fundo la leso, akatoa kitambulisho kilichofutika nusu, akaweka kidole gumba kwa uangalifu kuliko wote. Waliotoka wadi jirani niliwarudisha, na mmoja alikasirika kweli, kwamba ameacha chakula cha watoto jikoni ili aje kukataliwa na mtu wa saiba.

Katikati ya hayo simu yangu ikalia. Sauti nisiyoijua, ya upole sana. Kambi nyingine. Walikuwa wamesikia orodha iko kwangu, wakaomba “kopi moja tu” ili wajue nani yuko upande gani. Bei waliyotaja ilizidi ya kazi nzima. Hii ndiyo sehemu ya kazi yetu watu hawaioni: usiku ule laptopu yangu ilikuwa na vitambulisho vya mamia ya majirani. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, lakini hata isingekuwapo, bibi yule wa leso hakunipa kidole chake ili nikiuze. Nikakata simu, nikaizima.

Tulifikia 500 mpambe mmoja akapiga kigelegele. Nikakataa kusimama hapo, maana mtu akienda na 500 kamili, jina moja likikataliwa amekwisha. Tukafunga kwa 509.

Kuchapisha, kupanga, kutoboa, kuhesabu kurasa, kuhesabu tena. Mgongo ulikuwa haujui tena kiti ni kipi. Bei yangu ni shilingi kumi kwa jina: 5,090.

Mheshimiwa akaitazama risiti. “Yaani wewe ni ghali kuliko IEBC?”

“IEBC hawakuchapi, baba.”

Akatuma 3,000 akaniahidi salio akiapishwa. Flashi nilikuwa nimeishika mkononi, na mkono haukufunguka. Tulikaa hivyo kwa muda, tukizungumza habari za mvua, mpaka ujumbe wa pili wa M-Pesa ukaingia. Nikampa flashi, nikafuta faili kwenye laptopu yeye akishuhudia, nikavuta mlango wa bati.

Nilikuwa nimelala tayari simu ilipolia.

“Mwanangu, samahani. Ile picha ya pasipoti, naweza kuibadilisha? Mama watoto asema nimenuna.”

Nikamwambia afike saa moja, na aje amenyoa.