Watoto Wamepiga Kura: Vyoo Kwanza

Kadi za mchango wa vyoo vya kituo chetu cha watoto zimeshachapwa na nimeanza kuzigawa, kuanzia hapa Pongwe hadi Ngamiani mjini. Kadi ya mchango si kitu kigeni kwa mtu wa Tanga: tunachangia harusi, tunachangia msiba, tunachangia msikiti. Lakini hii watu wanaigeuza-geuza, kwa sababu aliyesaini chini si mimi wala mwenyekiti wa kamati. Ni binti wa miaka 12, mwenyekiti wa baraza la watoto. Mzee mmoja pale stendi ya Kange aliisoma mpaka mwisho, akaniuliza, "Sasa mwanangu, hela yangu namkabidhi mtoto?" Nikamwambia ndiyo, mzee wangu, watoto ndio wanaoamua itumikeje. Akaniahidi tripu moja ya mchanga, ila alitaka maelezo zaidi. Naandika haya kwa ajili yake na kwa wengine wenye swali kama lake.

Kwa sasa sisi ni kituo tu. Watoto wanakuja jioni wakitoka shuleni kwao, Jumamosi na wakati wa likizo wanashinda kutwa. Tunachokitafuta ni kusajiliwa kuwa shule ya msingi. Mwalimu anatangaza somo, anayelitaka anaingia. Asiyelitaka anaendelea na shughuli yake, awe anachonga ngalawa ya kuchezea au anahesabu mayai ya kuku wa kituo. Kanuni zinatungwa barazani kila Ijumaa, na kila mtu ana kura moja: mimi moja, mtoto wa miaka 6 moja. Fimbo haipo. Najua kanuni zinazoruhusu viboko mashuleni bado zinatumika, na nimefundisha miaka mingi mahali zinapotumika. Hapa mtoto akikosea anashtakiwa barazani. Mwalimu akikosea naye anashtakiwa.

Swali la kwanza la wazazi huwa ni kama itakuwa ingilishi midiamu. Hapana, tutafundisha kwa Kiswahili na Kiingereza kitakuwa somo. La pili ni zito zaidi: mtoto akiachiwa achague, si atacheza tu? Atacheza, tena sana. Tuna kijana mmoja, baba yake ni kibarua kwenye shamba la mkonge, alikuja kwetu akiwa darasa la tatu bila kuweza kusoma sentensi. Masomo ya kusoma aliyakwepa yote, na hatukumfuata. Siku moja akashtakiwa kwa kuchukua baiskeli ya mwenzake bila ruhusa, na katibu akaiandika kesi kwenye daftari. Yule kijana hakuamini kilichoandikwa. Akawa anakaa na lile daftari kila jioni, kidole juu ya mstari, anauliza neno hili ni nini, na hili je. Alipoweza kuisoma kesi yake mwenyewe, akasimama Ijumaa iliyofuata kulalamika kwamba katibu ameandika "ameiba" wakati barazani ilisemwa "amechukua". Baraza likakubali, neno likafutwa. Mwaka huu yeye ndiye katibu.

Sasa habari ya vyoo. Anayetaka kusajili shule atakutana na masharti, na mimi siyapingi: madarasa, walimu wenye sifa, vyoo. Kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Sisi tuna tundu moja kwa wote, na mlango wake ni kipande cha bati kilichofungwa kwa waya. Kamati yetu ya watu wazima ilikuwa imepanga kuanza na madarasa, maana mfadhili akipita huwa anataka kuona madarasa. Mpango ukapelekwa barazani kama ilivyo kawaida. Wavulana wengi walitaka kwanza uwanja usawazishwe na magoli yasimamishwe, na walikuwa wamejipanga vizuri kwa hoja. Ndipo akanyoosha mkono binti mmoja ambaye huwa hasemi. Akasema, "Mimi nikibanwa nakwenda nyumbani. Nikirudi mmeshapiga kura. Kwa hiyo mimi kura sina." Akakaa.

Hakuna aliyemjibu haraka. Kisha mvulana aliyekuwa anaongoza upande wa magoli akaomba apewe nafasi tena, akasema anaondoa hoja yake. Vyoo vikapita, tena kwa sharti ambalo kamati haikuwa imeliwaza: upande wa wasichana uwe na chumba chenye maji na ndoano ya kutundikia nguo.

Wanaosema mambo haya yametoka Ulaya wana ukweli kidogo. Summerhill, shule ya mwalimu A. S. Neill ambako watoto nao hupigia kura kanuni zao, ilianza mwaka 1921 karibu na Dresden, Ujerumani, na tangu 1927 ipo Leiston, Uingereza. Baada ya ukaguzi wa 1999 serikali ya Uingereza iliibana kuhusu uhuru wa mtoto kuchagua kuingia darasani, na kesi ikasikilizwa London Machi 2000. Serikali ilipokubali mapatano, wanafunzi waliokuwepo walifanya mkutano wao mlemle kwenye chumba cha mahakama, wakayajadili, wakayapigia kura ya kuyakubali. Na anayedhani haya ni ya watoto wa matajiri amtazame daktari Janusz Korczak, aliyefungua nyumba ya yatima wa Kiyahudi Warsaw, Poland, mwaka 1912. Watoto wale maskini walikuwa na mahakama yao, na Korczak mwenyewe alishtakiwa mbele yake.

Lakini mimi sikuanzia huko. Mwalimu Nyerere, alipotoa Elimu ya Kujitegemea Machi 1967, alitaka wanafunzi wapewe nafasi ya kufanya maamuzi mengi ya shamba la shule. Mfano aliotoa ni wa fedha kabisa: waamue wenyewe kama fedha walizochuma wakodie trekta, au walime kwa mikono na fedha ile iende kwenye jambo jingine. Tulilima mashamba ya shule kizazi baada ya kizazi. Uamuzi ndio hatukuwapa wanafunzi. Na Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayogusa ustawi wake. Naona ajabu sheria hiyo kuishia mlangoni mwa shule.

Ndiyo maana hatuwezi kuomba mchango kwa njia nyingine. Miezi michache iliyopita alijitokeza mfadhili mwenye uwezo wa kujenga vyoo na madarasa yote kwa mkupuo. Masharti yake yalikuwa jina lake lipakwe ukutani, watoto wapangwe mstari na kupigwa picha wakishukuru, na mambo ya fedha yasipelekwe barazani. Barua yake ilisomwa barazani neno kwa neno. La jina ukutani halikuwasumbua. La picha liliwaudhi wakubwa. La tatu ndilo lililoamua. Walimwandikia kumshukuru na kukataa, na nami nikaweka sahihi yangu chini ya ile ya mwenyekiti. Kuna mzazi aliyenijia juu kwa hilo, na namwelewa, maana mwanawe ndiye anayekwenda kwenye lile bati. Bado nasema walikuwa sahihi. Tungekubali, tungepata majengo na kupoteza kile kilichotufanya tuyatake.

Tunahitaji matundu sita. Saruji, nondo, mabati na mbao bado. Kokoto tumeahidiwa, mchanga umeanza kuja, fundi amekubali kulipwa kidogo kidogo. Anayeweza mfuko mmoja wa saruji alete mmoja. Anayeweza siku moja ya kibarua aje na koleo. Kila kinachoingia kinaandikwa na mwekahazina, ana miaka 13, na daftari lake halilali bila kukaguliwa na watoto wawili na mzazi mmoja.

Baraza ni Ijumaa baada ya alasiri, chini ya mwembe nyuma ya kituo. Wageni mnakaribishwa, na mnaweza kunyoosha mkono kuuliza lolote kuhusu fedha zenu. Kura ni ya wenyeji.