Siku yangu moja na mawaridi, kuanzia Kahe mpaka Marangu

Saa 11 alfajiri nipo kitaluni Rau na mpira wa maji mkononi. Huu mwezi wa kumi kwetu Moshi ni jua kavu, vuli bado, na mche wa waridi kwenye kiriba, ule mfuko wa plastiki wa kuoteshea miche, ukikosa maji asubuhi basi ikifika saa tano umeshanyong'onyea. Namwagilia kwenye shina, kiriba kimoja kimoja, nasubiri maji yachuruzike chini ndo nahamia kingine, inachukua muda lakini na mizizi ya chini nayo inakunywa. Rangi ninazo nyingi ila inayotoka sana ni Iceberg, ile nyeupe iliyozalishwa na Kordes wa Ujerumani mwaka 1958, inavumilia joto letu, inatoa maua kwa mashada, haina masharti. Mteja akija ananiambia hajawahi kupanda waridi namwekea Iceberg kwanza kabla hajaanza kuangalia zile za rangi mbili mbili.

Saa 12 na nusu kumepambazuka vizuri, naanza kukagua. Nachana karatasi ya daftari, naiweka chini ya tawi, nagonga majani kwa kidole mara mbili tatu, afu naitazama. Ukiangalia haraka utasema ni vumbi, subiri kidogo utaona vumbi linatembea. Huo ndo utitiri, na leo upo kwenye safu ya mwisho pale ukutani ambapo tofali zinarudisha joto. Nikageuza jani, chini kuna utando mwembamba wa nyuzi nyuzi, juu vidoadoa vya njano. Kwa joto la sasa hivi yai la utitiri linafika kuwa mdudu mzima ndani ya wiki moja hivi, kwenye ubaridi inaweza kuchukua wiki mbili na zaidi, sasa ukisema utashughulika nao mwisho wa mwezi utakuta ukoo mzima. Mimi naanza na maji. Nabana mdomo wa mpira, napiga chini ya majani kwa nguvu, narudia baada ya siku mbili tatu, na hii ni kazi ya asubuhi tu ili majani yakauke mapema. Wengi wanakimbilia dawa kali ya kuua kila kitu, inaua na wale wadudu wazuri wanaokula utitiri, utitiri wenyewe unabaki unazaliana kwa raha zake, nimeshaona bustani nzima ikigeuka kahawia kwa sababu hiyo jamani.

Saa 1 na nusu bodaboda ishafika, nabeba mkasi, msumeno mdogo, chupa ya spiriti na glovu za ngozi, tunashuka Kahe. Kuna mwalimu mstaafu ana bustani mbele ya nyumba, mtu makini sana, kila kitu anaandika. Tumefika tu hata shikamoo yangu hajaitikia vizuri ananipeleka kwenye mawaridi. Majani machanga yamekuwa ya njano, ila ukisogea karibu unaona mishipa ya jani imebaki kijani kibichi kama imechorwa na kalamu. Mwalimu alikuwa ameshaweka mbolea ya dukani akijua mimea ina njaa. Nikamwambia Mwalimu, chakula kipo, mzizi ndo hauwezi kukichukua. Udongo wa huku tambarare una magadi, ukikauka unaona juu kuna weupe weupe, na waridi linapenda udongo wenye pH, yaani kipimo cha uchachu na magadi, ya 6 mpaka 6.5 hivi, ukizidi sana hapo chuma kinakuwepo ardhini ila mmea haukipati, majani yanapauka. Kuongeza mbolea ya chumvi kwenye udongo wenye chumvi ni kulitesa waridi. Kwa hiyo asubuhi hii yote tumeinua matuta, tumechanganya samadi iliyooza mpaka haina harufu, tumetandaza majani makavu juu unene wa kiganja. Na umwagiliaji tumebadilisha, badala ya kunyunyiza kidogo kila siku sasa anamwaga mengi kwa mara moja yazame chini kabisa, maana maji kidogo yanakaukia juu na kuacha chumvi pale pale kwenye mizizi.

Akaniuliza, si ukate leo leo yachanue Krismasi watoto wakija? Hapana Mwalimu, bado. Na hapa naomba nieleze vizuri kwa sababu hili swali naulizwa na kila mtu kuanzia mwezi wa tisa. Uchagani Disemba watu wanarudi nyumbani, kila mama anataka watoto wakute maua getini. Waridi ukilikata leo linachukua kama wiki sita mpaka nane hivi kuchanua tena, na kinachoamua ni sita au nane ni joto. Huku Kahe kwenye joto ni sita. Nikikata leo maua yatatoka mwisho wa Novemba, na kwa jua hili ua linafunguka upesi, linapauka, linapukutika, Krismasi inakuta miiba. Tumeandika kwenye daftari lake tarehe 10 Novemba.

Saa 4 nimetoka barabara kuu nikapata Hiace ya Himo, Himo nikaunganisha ya Marangu. Hii safari naipenda kuliko kitu chochote kwenye kazi yangu. Moshi mjini tupo mita 800 na kitu, geti la mlima pale Marangu lipo mita 1,800 na ushee, na kila ukipanda mita 100 joto linapungua kama nusu digrii na zaidi kidogo, yaani kutoka mjini mpaka getini unapoteza karibu digrii sita na nauli ni ya Hiace. Himo nimefungua dirisha, Marangu Mtoni watu wamevaa sweta. Waridi lile lile nililokata kijiti kwenye mti mmoja, la chini linatoa ua dogo la siku tatu, la juu linatoa ua limejaa, rangi imekolea, linakaa wiki na zaidi. Sasa mtu anaponiandikia "waridi linatunzwaje" bila kusema yupo wapi huwa namrudishia swali, upo wapi, maana bila hilo nitakudanganya.

Saa 5 na nusu nipo kwa bibi, juu kidogo ya Mtoni, nyumba ipo katikati ya kihamba, yaani shamba la ukoo, migomba, kahawa, mfongo, ule mfereji wa maji, unapita pembeni ya uzio wa mimea ya masale. Shikamoo bibi. Marahaba mama, njoo uone, hili waridi wamelifanya nini? Lilikuwa jekundu, mume wake marehemu ndo alilinunua, sasa limejaa vijiua vidogo vyeupe na jekundu limebaki tawi moja. Bibi alikuwa na wasiwasi kweli, majirani walishamwambia mengi. Nikapiga magoti nikafukua udongo kwenye shina kwa vidole mpaka nikapata kile kinundu, pale lilipobebeshwa. Mawaridi mengi tunayonunua ni mimea miwili, chini shina la waridi pori lenye mizizi migumu, juu kijicho, yaani kile kichipukizi kidogo cha kwenye tawi, cha lile lenye ua zuri, vimeunganishwa. Yale matawi ya maua meupe yote yalikuwa yanatoka chini ya kinundu. Halijabadilika rangi, ni shina la chini limechipua likakua kwa nguvu na kumnyang'anya mwenzie chakula. Haya hayakatwi na mkasi, ukikata unaacha vijicho vinarudi vinne, unafuata chipukizi mpaka linapoanzia, unalishika na glovu unalinyofoa lote kuelekea chini. Nikamshikisha bibi kile kinundu kwa mkono wake mwenyewe. Akakaa kimya, afu akasema, kwa hiyo la baba lipo. Lipo bibi, hili hapa tawi lake.

Tatizo la pili ni madoa meusi, majani ya chini yana madoa ya duara yenye kingo kama zimechanika, pembeni njano, mengine yameshadondoka. Kijana anayemsaidia bibi anamwagilia saa 12 jioni na anamwagia kuanzia juu. Hayo madoa ni ugonjwa wa fangasi, na fangasi anahitaji jani likae limelowa kama masaa saba mfululizo ndo aingie, na huku juu ukilowesha jani jioni halikauki mpaka jua la kesho, na ukungu wa mlima ukishuka ndo kabisa. Kahe mtu akifanya hivyo anaweza asione kitu mwaka mzima. Nimemwelekeza kijana, maji asubuhi, chini kwenye shina, majani yaliyodondoka yakusanywe yachomwe, yasiachwe pale, na mgomba mmoja uliokuwa umeliegemea waridi tumeuondoa matawi yapate upepo.

Saa 7 sasa ndo kukata, maana huku wiki nane zinafika na wakati mwingine tisa, tukichelewa Krismasi imepita. Nafuta mkasi na spiriti. Kwanza natoa yaliyokufa, unayakata kidogo kidogo ukitazama kiini cha kati, kikiwa cha kahawia unashuka tena, ukiona cheupe au kijani kinachong'aa unaacha. Afu yanayosuguana, hapo unachagua mmoja abaki. Afu yale mazuri, yanabaki manne matano, urefu wa magoti. Mkato unakaa juu kidogo ya kijicho kinachotazama nje, umelala upande, mteremko unaelekea nyuma ya kijicho ili maji ya mvua yasikae juu yake, kwa sababu kile kijicho kikielekea ndani tawi jipya litakua kuelekea ndani na katikati kutajaa giza na majani mabichi, na giza na unyevu Marangu ni madoa meusi tena. Kwa Moshi mjini sikati chini hivyo, naacha mpaka kiunoni, majani yapo ya kulifunika shina, jua la kule linaunguza gome likiwa wazi.

Bibi ametuletea mtori, tumekula wote pale pale kibarazani.

Saa 10 jioni nimerudi mjini, nimepitia Majengo kwa mama mmoja anataka waridi la marashi. Ameona video ya Taif, Saudi Arabia, yale mawaridi wanayochuma alfajiri kutengeneza maji ya waridi, akasema nataka hilo hilo. Nikamwambia ukweli mama, Taif ipo juu milimani, wana majira ya baridi, na waridi lile linachanua kwa wiki chache tu kwenye mwaka baada ya baridi kupita. Ukilileta Majengo litakuwa majani mwaka mzima wewe unalisubiri. Yanayochanua mfululizo huku kwetu yana damu ya mawaridi ya China, yale yaliyofika Ulaya mwishoni mwa karne ya 18 na kuchanganywa na ya kwao, kabla ya hapo mengi ya Ulaya yalikuwa yanachanua mara moja kwa mwaka. Nimemwachia mche wa jekundu lenye harufu nzito, anuse mwenyewe asubuhi kabla jua halijapanda, akiridhika atalipa.

Saa 12 jioni nimekata ya oda ya mahafali, nimetoa majani ya chini, nimeyatumbukiza kwenye ndoo za maji mpaka shingoni, yamelala chumba cha giza. Nimeoga, nimekula.

Saa 2 usiku binamu yangu amepiga video kutoka Minnesota, kwao ni saa sita mchana. Ameshika koleo na koti zito amevaa. Mwaka huu amepanda mawaridi yake ya kwanza na majirani wamemfundisha kuyazika. Kule baridi inafika mpaka digrii 30 chini ya sifuri, waridi hili la kubebeshwa likiachwa wima linakufa mpaka kwenye kinundu, basi ikifika katikati ya Oktoba wanachimba mtaro mbele ya mmea, wanafunga matawi kwa kamba, wanalegeza mizizi upande mmoja, wanalilaza lote kwenye mtaro na kulifunika kwa udongo na majani makavu mpaka Aprili. Nimemwangalia akililaza taratibu, moyo umenienda mbio. Akaniuliza, dada nilipogoe kwanza? Kidogo tu liingie kwenye mtaro, kupogoa kwenyewe subiri Aprili ukilifukua, maana ukilikata sana sasa hivi unaliamsha na baridi ndo inaingia. Mimi leo nimekata Marangu ili liamke, yeye analilaza lisiamke, tarehe ni ile ile.

Saa 3 na nusu nipo na simu najibu wateja. Mliouliza za Krismasi, mlio juu, Marangu, Machame, Kibosho, Rombo ya juu, shikeni mkasi wiki hii. Moshi mjini, Rau, Soweto, Shanty Town, subirini mpaka tarehe 3 au 5 Novemba. Kahe na mlio tambarare ni tarehe 10, na kama majani yana njano na mishipa kijani nitumieni picha kabla hamjanunua mbolea.