Vyumba vitatu kwenye kiwanja cha mita 12 kwa 18

Kiwanja chetu kiko Tabata, Dar es Salaam. Ukiacha mita 1.5 kila upande, nyumba inabaki na upana wa mita 9, na humo nilitaka vyumba vitatu, kimoja cha mama. Magoti yanamsumbua, kwa hiyo ghorofa hatukuijadili.

Nilichopigania kwanza ni kuondoa korido. Ramani ya mwanzo ilikuwa na korido ya mita 1.2 kwa 8. Piga hesabu: mita za mraba 9.6, chumba kizima cha mtoto, kwa ajili ya kupita tu! Nikaomba sebule ikae katikati na vyumba vifungukie humo. Fundi akapinga: mgeni akikaa sebuleni ataona hadi kitandani. Alikuwa na hoja. Tukasogeza milango kwenye pembe za vyumba, ukifungua unakutana na kabati.

Halafu joto. Hapa Dar jua la mchana liko karibu na utosi, bati ndilo linalolibeba. Kuta zinachomwa na jua la asubuhi na la jioni, na la jioni ndilo linalokunyima usingizi. Basi magharibi tukaweka bafu, choo na stoo. Vyumba vya kulala vikapewa madirisha upande wa kusini na mashariki, vipate kusi, upepo unaotoka kusini, na juu ya kila mlango wa ndani tukaacha tundu pana lenye wavu ili upepo upite hata mlango ukifungwa.

Kabla ya kuchimba msingi tulichora nyumba nzima chini kwa chokaa. Mama akatembea kutoka "kitandani" hadi "chooni", akasema mlango ni mwembamba, akitaka kushikwa mkono hawapiti wawili. Tukaupanua. Naona lile zoezi lilitufaa kuliko kikao chochote na mchoraji.

Ndugu walinishauri nyuma nijenge chumba cha kupangisha. Nilikataa. Nyumba za Kiswahili za Kariakoo na Ilala zilijengwa na uani, na huko ndiko watu wanakopika, wanakofua na wanakoongea. Nikabakiza mita 4: kamba za kuanikia, jiko la mkaa, mkeka wa mama.

Shimo la choo likaenda mbele, karibu na geti, ili gari la kunyonya majitaka lifikishe mpira wake bila kupita ndani.