Kabla ya kusema "vizazi": lishe ya mama na inflamesheni ya ubongo

Husemwa kwamba mama akila kalori kupita kiasi, inflamesheni (mwitikio wa kinga unaofanana na uvimbe) hurithiwa kwenye ubongo wa vizazi vinavyomfuata. Lakini mama mwenye mimba ya mtoto wa kike amebeba vizazi vitatu kwa mara moja: yeye mwenyewe, mtoto, na mayai yaliyokwisha kuumbika ndani ya ovari za mtoto huyo, ambayo kufikia wiki ya 20 hivi huwa milioni 6 hadi 7. Lishe yenye kalori kupita kiasi inawagusa wote moja kwa moja. Kwa hiyo mtafiti akikuta inflamesheni kwenye ubongo wa mjukuu, hajathibitisha urithi bado. Kitukuu ndiye wa kwanza ambaye chakula kile hakikumfikia. Ukisoma utafiti wa aina hii, angalia kwanza uliishia kizazi cha ngapi. Tafiti nyingi huishia kwa mtoto.

Seli zinazochunguzwa zaidi ni mikroglia, walinzi wa kinga ndani ya ubongo. Huhamia humo mapema sana katika mimba, kisha hujizalisha zenyewe bila kutegemea seli mpya kutoka kwenye damu. Ndiyo maana kilichozipata tumboni kinaweza kudumu. Mama akila mafuta mengi, hasa yale yanayoganda, damu yake hubeba asidi za mafuta, insulini na saitokini (kemikali za kinga zinazochochea inflamesheni) kama IL-6 na TNF kwa wingi, na kondo la nyuma nalo huingia kwenye inflamesheni. Kwenye hadubini, mikroglia iliyotulia ina mwili mdogo na matawi marefu membamba. Iliyoamshwa imenenepa na matawi yake yamekuwa mafupi. Umbo peke yake halitoshi. Pima saitokini zenyewe, halafu mchokoze mnyama kwa dozi ndogo ya LPS, sehemu ya ukuta wa bakteria: mara nyingi tofauti hujificha mpaka kinga ichokozwe.

Makosa hutokea wapi? La kwanza ni chakula cha kulinganishia. Lishe ya majaribio ya panya mara nyingi huwa na mafuta yanayotoa asilimia 60 ya kalori, na wengi huilinganisha na chakula cha kawaida cha maabara, ambacho nyuzinyuzi na sukari zake ni tofauti kabisa. Hapo hujui ni mafuta au ni upungufu wa nyuzinyuzi. Tumia lishe iliyotengenezwa kwa viungo vilevile, mafuta yakiwa asilimia 10.

La pili ni idadi ya watoto. Panya anayenyonya na wenzake watatu hupata maziwa mengi na kunenepa hata kama mama alikula vizuri, basi kila mama abaki na watoto 8. Na watoto 8 wa mama mmoja ni sampuli moja, si nane, maana wote wamepitia tumbo lilelile! Kosa hili limezaa matokeo mengi yasiyorudiwa, na linaniudhi kwa sababu kulikwepa hakuhitaji kifaa chochote.

Maziwa nayo yana uzito wake. Kwa panya, nyaya za haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayosimamia njaa, huendelea kuungana wakati wa kunyonya. Kwa binadamu sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika mimba ikiwa kubwa. Watoto wabadilishiwe mama wa kuwanyonyesha mara tu wanapozaliwa, ndipo utatenganisha athari ya tumbo na ya ziwa.

Hata ukifika kwa kitukuu, kuna mtego. Binti aliyezaliwa na mama mnene akipata mimba naye akiwa mnene, mazingira ya tumbo yamejirudia tu. Fuata upande wa wanaume: dume hatoi tumbo wala maziwa, hutoa mbegu.

Binadamu hatufungiwi kwenye lishe ya asilimia 60, kwa hiyo asitishwe mtu kwa namba za panya. Mwongozo wa Marekani wa 2009 unashauri ongezeko la kilo 11.5 hadi 16 katika mimba kwa mwenye uzito wa kawaida, na kilo 5 hadi 9 kwa mwenye BMI (kipimo cha uzito kulingana na urefu) ya 30 au zaidi. Miezi mitatu ya kwanza haihitaji kalori za ziada. Ya pili ni takriban 340 kwa siku, ya mwisho 450. Kujinyima chakula ukiwa tayari mjamzito si tiba: upungufu nao humwathiri mtoto, na mpango wa uzito hupangwa na mkunga au daktari, ikiwezekana kabla ya mimba.