Sumaku ya Mama

Video yenyewe ilikuwa ya sekunde chache: mwanamke anapandisha mkono wa gauni, anabandika sarafu pale alipochomwa sindano, sarafu inaganda. Sauti ya pembeni inasema, "Mnaona wenyewe, chanjo ya korona ina sumaku." Shangazi aliileta nyumbani kwetu Tanga, Agosti 2021, simu kaitanguliza mbele kama barua ya posa. Hata kuketi hajaketi, mama alishaonyeshwa mara mbili.

Dozi 1,058,400 za chanjo ya Janssen zilikuwa zimeingia nchini Julai 24, kutoka Marekani kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawana chanjo. Siku nne baadaye Rais Samia akachanjwa hadharani. Lakini Januari mwaka huohuo, kule Chato, aliyemtangulia, Rais Magufuli, alisimama jukwaani kuziponda chanjo za korona, na takwimu za wagonjwa zilikuwa zimekoma kutangazwa tangu mwishoni mwa Aprili 2020. Katikati hapo tulijifukiza mpaka macho yakatuwasha: mwarobaini, mchaichai, majani ya mlimao, blanketi juu. Kwa hiyo wale waliowaita watu wetu wajinga hawakunipata. Mtu kaambiwa hivi Januari, Julai anaambiwa vile, asiulize? Na wakubwa walipokaa kimya, WhatsApp ilikuwa inajibu usiku na mchana.

Mama ni fundi cherehani. Ana sumaku aliyoichomoa kwenye spika ya redio mbovu, na kila jioni huipitisha sakafuni kuokota pini zilizomdondoka. Siku hiyo alikuwepo pia binti wa jirani, nesi, kafuata sare yake iliyopunguzwa kiuno. Yeye alishachanjwa. Nilidhani atafoka, maana manesi walishachoshwa na maneno ya namna hiyo.

"Shangazi, naomba sarafu," akasema, akakunja mkono wa blauzi.

Sarafu ikaganda kweli. Shangazi akapiga makofi. "Si niliwaambia!"

"Na mkono wa pili je?" mama akauliza.

Nesi akaihamishia mkono wa kulia, ambao sindano haikuugusa. Ikaganda. Akambandika mwanangu kwenye paji la uso, katoka kucheza mpira anatiririka jasho. Hapo ndipo iliposhika kuliko kote, na mtoto akagoma kuirudisha.

Mama akanyanyuka, akaleta poda. Akampaka nesi palepale penye chanjo, akabandika tena. Sarafu ikateleza hadi chini. Kisha akaweka pini. Nayo ikaanguka. Akachukua sumaku yake, akaisogeza kwenye kisahani cha pini, zikaruka zote kwa pamoja.

"Sumaku ni hii," akasema. "Ile ni jasho."

Shangazi hakusalimu amri. "Haya, na ugumba?" Tulicheka, kwa sababu yeye mwenyewe ana wajukuu. Nesi hakucheka. Akamuuliza taratibu hofu yake ni ya nani, ikatoka kwamba binti yake wa mwisho alikuwa anaolewa mwezi uliofuata.

"Mimi sijazaa bado, shangazi, na watoto nawataka," nesi akamjibu. "Ningejichoma kitu cha kunifunga kizazi?"

Shangazi alinyamaza. Hapo mama naye akatoa la kwake, ambalo sikuwahi kumsikia akilitaja: anameza dawa za presha kila siku, je, chanjo haitagombana nazo? Kumbe wiki zote hizo za kubishana kuhusu sumaku alikuwa na swali la maana kabisa, na hakuna aliyempa nafasi ya kuliuliza. Nesi akamweleza kwamba wenye presha na kisukari ndio waliotangulizwa kwenye orodha, dawa zake asiziache, na aende na kadi yake ya kliniki.

Alikwenda wiki hiyohiyo. Chanjo ilikuwa hiari, kwa hiyo kulikuwa na fomu ya ridhaa. Akavaa miwani, akaisoma yote, watu nyuma yake kwenye foleni wakiguna, ndipo akasaini. Usiku mkono ulimuuma, na homa kidogo. Asubuhi alikuwa kwenye cherehani.

Shangazi hakwenda naye. Siku ya pili akatuma video nyingine, safari hii ya daktari asiyetajwa jina wala hospitali. Mama akamjibu kwa sauti: "Wifi, ya sumaku tulishaimaliza. Hii nayo kaitoa nani?"