Ua Nililolitambua kwa Kulipindua

Pakiti ya mbegu iliandikwa Centaurea cyanus, lile ua la bluu ambalo zamani lilizagaa katika mashamba ya ngano ya Ulaya mpaka wakulima wakaliita gugu. Nilikuwa nalitaka hilo hasa. Nikaambulia mwaka mzima wa majani matupu.

Mbegu nilizifukia kwenye trei, kina cha kama sentimita 1, nazo zikaota bila shida. Kosa la kwanza lilikuwa mboji. Niliijaza kwa mapenzi, miche ikanenepa na kulala chini kama imelewa. Nilipoihamishia kwenye udongo wa kawaida usiotuamisha maji, mahali penye jua, ikakaza shina.

Baada ya miezi mitatu nikaanza kuwa na wasiwasi. C. cyanus ni mmea wa msimu mmoja: huota, huchanua, hutoa mbegu, hufa. Majani yake ni membamba, ya kijani chenye ukijivu. Yangu yalikuwa na upana wa vidole viwili, yana vinyweleo laini vyeupe, yamejipanga duara juu ya udongo na wala hayana haraka. Nikasema haya ni magugu yaliyojipenyeza. Nilikwisha kung'oa mche mmoja ndipo nikagundua kwamba miche yote inafanana na imekaa kwa mstari, na magugu hayaoti kwa mstari.

Mwaka wa pili shina likapanda, halikutoa matawi, likabeba tumba moja tu kileleni. Sisimizi wakalivamia. Nikatafuta vidukari, wale wadudu wadogo ambao sisimizi huwafuata kwa majimaji yao matamu, nisione hata kimoja. Sisimizi walikuwa wakilamba utomvu mtamu unaotoka kwenye vigamba vya tumba lenyewe. Nikawaacha.

Ua lilipofunguka lilikuwa na upana wa sentimita 6 hivi, bluu pembezoni, zambarau katikati. Hapo nikapoteza siku kadhaa kulinganisha bluu na bluu kwenye picha. Rangi haikusaidia kitu, maana spishi kadhaa za Centaurea zina bluu ya namna hiyo. (Tena bluu ya C. cyanus ina kichekesho chake: inatokana na sianidini, rangi ya asili ya mimea, ileile inayolifanya waridi liwe jekundu, ila humo imefungamana na madini ya chuma na magnesi.) Hata zile “petali” si petali. Kama ilivyo kwa alizeti, kichwa kizima ni mkusanyiko wa maua madogo madogo. Yale makubwa ya pembeni ni tasa, kazi yake ni kuita wadudu, na ya katikati ndiyo yanayozaa. Ukigusa ya katikati kwa ncha ya unyasi, stameni (sehemu za kiume za ua) hujikunyata na chavua ikasukumwa juu mbele ya macho yako. Nililirudia hilo mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Jibu lilikuwa chini ya ua. Nilikipindua kichwa, nikachukua kioo cha kukuzia. Vigamba vinavyokikumbatia vilikuwa na ukingo mweusi wenye meno meno, mithili ya kope zilizopakwa wanja. Kisha nikafuata jani hadi linaposhikana na shina: halikuishia hapo, kitako chake kilishuka na shina kama ubawa mwembamba. C. cyanus haina ubawa huo. Huyu alikuwa Centaurea montana, wa milima ya Ulaya, mmea unaoishi miaka mingi.

Au nduguye, Centaurea triumfettii, maana naye anafanana naye kupita kiasi. Tofauti niliyoishika ni urefu wa yale meno: kwa montana hulingana na upana wa ukingo mweusi, kwa triumfettii huuzidi, na mara nyingi huwa na weupe wa fedha. Nilipima vigamba vya maua manne. Meno mafupi, meusi tititi.

Bado nikataka ushahidi wa mzizi. Nikafukua taratibu upande mmoja, nikakuta shina la chini ya ardhi linatambaa, na karibu shubiri moja kutoka kwa mama kuna chipukizi mbili ambazo sikuzipanda mimi. Nikazikata na sehemu ya mizizi yake, nikazipanda kando, nikageuza kile kibao cha C. cyanus na kuandika jina jipya upande wa nyuma.