Usiku wa ngome

Wiki yangu ya tatu Uingereza, mwenye nyumba aliniachia kikaratasi jikoni: pipa jeusi la taka huchukuliwa kila "fortnight". Mimi mtoto wa Mji wa Kale, Mombasa, nimekulia chini ya kuta za Fort Jesus. "Fort" ni ngome, "night" ni usiku. Nikasema basi, taka za huku huzolewa usiku, na hiyo ngome wanaijua wenyewe.

Baada ya isha nikalitoa pipa, nikakaa dirishani na kikombe cha chai mpaka saa saba. Hakuja mtu. Usiku wa pili vilevile. Asubuhi ya tatu bibi jirani akanigongea, kavaa nguo za kulalia na koti juu, akaniuliza kwa ule upole wao unaouma: hili pipa lako unalitembeza?

Ndiye aliyenieleza kwamba maana yake ni wiki mbili. Mengine nikayafuata kwenye kamusi. Ngome haimo kabisa! Kiingereza cha kale kilisema "feowertyne niht", yaani usiku kumi na nne, likasagika midomoni mwa watu karne kwa karne hadi likabaki kipande hiki. Lilikuwa na nduguye, "sennight", usiku saba, ila huyo alishazikwa. Wamarekani hawana habari nalo. Binamu yangu aliyeko Minnesota nilipomwambia nalipwa kila "fortnight", alinipa pole kwa kufanya zamu za usiku.

Kilichonikaa moyoni ni huko kuhesabu usiku. Tacitus, Mrumi aliyeandika habari za makabila ya Wajerumani mnamo mwaka 98, aliona ni ajabu kwamba hawahesabu siku kama Warumi, wanahesabu usiku, na kwao usiku ndio unaotangulia mchana. Marehemu nyanya yangu asingeona ajabu yoyote. Kwake Alhamisi jua likishatua, huo ni usiku wa Ijumaa. Na mwezi wa Ramadhani ukiandama, tarawehe husaliwa usiku uleule, kabla hujafunga hata siku moja.

Nikampigia mama nimsimulie. Akasikiliza yote, Warumi na nyanya, kisha akauliza: "Sasa mwanangu, taka siku kumi na nne, hazinuki?"

"Baridi, mama."